Waliruhusiwa Kuimba, Hawakupewa Zamu ya Kusema

Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Henry IV, sehemu ya kwanza, iliyoandikwa karibu mwaka 1597, yumo mwanamke ambaye hakuandikiwa hata neno moja. Ni binti wa Glendower, bwana wa Welisi aliyeasi utawala wa Uingereza, na ameolewa na Mortimer, mtu mkubwa wa Kiingereza. Mume hajui Kiwelisi, mke hajui Kiingereza, na baba mtu anakaa katikati akiwatafsiria. Kila zamu ya mwanamke huyo inapofika, kitabu kinaeleza tu kwamba anasema kwa Kiwelisi. Baadaye anaimba, na hapo pia kitabu kinaeleza tu kwamba anaimba kwa Kiwelisi. Maneno yenyewe hayamo. Kijana aliyeigiza nafasi hiyo, maana siku hizo wanawake hawakupanda jukwaani, ilimbidi ayatoe kichwani mwake au afundishwe na mwenzake aliyeijua lugha.

Nafasi hiyo tupu inatuhusu sana sisi tunaoishi Itigi, katika Mkoa wa Singida, kando ya Reli ya Kati. Lugha tunazozungumza nyumbani nazo zimewahi kuitwa kwenye jukwaa la taifa, na zilipoitwa hazikuandikiwa maneno. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba taifa linapokusanya watu wa lugha nyingi chini ya lugha moja, sanaa yake ya maigizo huzipokea lugha ndogo kwa njia mbili tu, wimbo na kichekesho. Zamu ya kujadiliana, ambayo ndiyo roho ya tamthilia, hubaki kwa lugha kubwa. Ilikuwa hivyo London miaka mia nne iliyopita, na kwa kiasi kikubwa imekuwa hivyo kwetu tangu Uhuru.

Tuanze na London. Mfalme Henry VIII, ambaye ukoo wake wa Tudor ulitokea Welisi, aliiunganisha nchi hiyo na Uingereza kwa sheria za mwaka 1536 na 1543. Sheria ya kwanza iliamuru mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na mtu anayetumia Kiwelisi asipewe cheo wala posho ya serikali mpaka atumie Kiingereza. Wawelisi wengi wa wakati huo hawakuwa na lugha nyingine yoyote. Lakini watawala waliofuata waliogopa kwamba watu wasioelewa mahubiri wangebaki kwenye dini ya zamani, yaani Ukatoliki, kwa hiyo mwaka 1563 Bunge liliagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Agano Jipya likatoka mwaka 1567, na Biblia nzima, kazi ya Askofu William Morgan, ikatoka mwaka 1588. Mwelisi akawa anamwomba Mungu kwa lugha yake na kujitetea mbele ya hakimu kwa lugha ya mwingine.

Miaka michache baada ya Biblia hiyo, Mwelisi akawa mtu wa kawaida kwenye majukwaa ya London. Watazamaji walimjua kwa alama zake: hasira za haraka, majivuno ya ukoo, mapenzi ya jibini, na lafudhi iliyogeuza b kuwa p. Katika Patient Grissil, iliyoandikwa na Dekker, Chettle na Haughton na kuchapwa mwaka 1603, wamo bwana Mwelisi na mjane Mwelisi wanaogombana kama mume na mke, na humo sentensi za Kiwelisi zimeandikwa kweli. Katika A Chaste Maid in Cheapside, tamthilia ya Thomas Middleton ya mwaka 1613, mwanafunzi wa Cambridge anamchumbia mwanamke Mwelisi kwa Kilatini. Mwanamke anamjibu kwa Kiwelisi, hakuna anayemwelewa mwenzake, na ukumbi unacheka. Watazamaji hawakuhitaji kuelewa maneno. Kutoyaelewa ndiko kulikokuwa kichekesho chenyewe.

Hata hivyo Shakespeare aliona jambo ambalo wenzake wengi hawakuliona. Katika Henry V, ya mwaka 1599, jeshi la Uingereza lililoko Ufaransa lina makapteni wanne: Mwingereza Gower, Mwelisi Fluellen, Mskoti Jamy na Mwayalandi Macmorris. Fluellen anasema sana, anachanganya p na b, anashikilia mambo ya vita vya Warumi mpaka anachosha. Watazamaji wanamcheka. Askari mmoja wa Kiingereza, Pistol, anamdhihaki kwa ajili ya liki, mboga ya jamii ya vitunguu ambayo Wawelisi huivaa kofiani siku ya Mtakatifu David. Fluellen anamkamata, anampiga kwa rungu, na kumlazimisha aile liki hiyo mbichi mbele ya watu. Kisha Gower, Mwingereza, anamgeukia Pistol na kumkemea: ulidhani kwa kuwa hasemi Kiingereza kama mzaliwa, basi hawezi kushika rungu la Kiingereza. Kemeo hilo linamwendea pia kila mtazamaji aliyecheka dakika ishirini kabla.

Kwa hiyo hata jukwaa la dola inayotanuka liliweza, kwa dakika chache, kumpa mtu wa lugha ndogo haki ya kujibu. Lakini tuangalie alijibu kwa lugha gani. Alijibu kwa Kiingereza kilichovunjika. Fluellen hasemi Kiwelisi mahali popote katika tamthilia ile. Anayesema Kiwelisi ni binti wa Glendower, na yeye maneno yake hayakuandikwa. Anayeeleweka analipa kwa kuchekwa, na anayesema lugha yake anaishia kusikika kama muziki.

Sasa tuje nyumbani. Wapagazi wa karne ya 19 waliuita ukanda huu Mgunda Mkali. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi, kisha ikaingia katika vichaka vikavu visivyo na maji ya uhakika kabla ya kufika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Kati ya wasafiri wa Kizungu, Burton alivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walivuka maelfu ya Wanyamwezi wenye mizigo ya pembe mabegani. Vichaka hivyo bado vipo, na wataalamu wa mimea wa dunia nzima huviita kwa jina la Itigi. Kiswahili kilifika huku na misafara hiyo, kikaongezewa nguvu na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha shule na serikali vikakifanya lugha ya kila mtu.

Lakini hakikukuta nchi kimya. Hapa wapo Wayanzi. Kusini kuna Wakimbu. Upande wa Manyoni wapo Wagogo, kaskazini Wanyaturu, na katikati yao wote hupita Wataturu na mifugo yao. Wanyamwezi na Wasukuma nao wamejenga, wakalima na kufuga. Mkoa wa Singida kwa jumla ni utajiri wa lugha ambao sehemu nyingi za Afrika hazina. Kuna lugha za Kibantu, kuna Kitaturu ambacho ni cha jamii ya Kinailoti, na huko Mkalama, karibu na Ziwa Eyasi, kuna Kihadzabe, lugha yenye vidoko ambayo wataalamu hawajaithibitishia ndugu hata mmoja. Siku ya mnada, mtu anayetembea kati ya wauza ng'ombe na wauza asali atasikia lugha nne au tano kabla hajafika mwisho wa uwanja. Bei zinatajwa kwa Kiswahili. Ushauri wa pembeni, wa kukubali bei au kuikataa, hutolewa kwa lugha ya nyumbani.

Ushauri huo wa pembeni ndio ambao jukwaa letu halijausikia.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua dansi za Wazungu kuliko ngoma za babu zao, akataka mila bora za makabila yote ziwe fahari ya taifa. Ilikuwa hotuba ya haki na ya lazima, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba hatuna utamaduni. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Wasanii wakafundishwa ngoma za Wamakonde, Wazaramo, Wasukuma na Wagogo, zikachezwa mbele ya wageni wa kitaifa. Hapo ndipo makabila yalipoingia kwenye jukwaa la taifa. Yaliingia kwa miguu, kwa mabega na kwa sauti ya kuimba.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka kwa jirani zetu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliingia katika sanaa ya taifa akiwa na ala zake, ilimba na zeze, akafundisha Bagamoyo, na kabla ya kufariki mwaka 2003 alikuwa amepiga muziki katika mabara mengi. Albamu yake ya Chibite ilitolewa miaka ya 1990 na kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Aliimba Kigogo Dar es Salaam, akaimba Kigogo Ulaya, na watu walisimama kumshangilia. Ninamheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini ni wangapi kati ya hao waliosimama walijua alichokuwa anasema? Sauti yake ilipokelewa kama kitu kizuri cha kusikilizwa, na maneno yake yakaachwa mlangoni. Binti wa Glendower alipata heshima ya namna hiyohiyo. Mumewe anaisifu lugha yake kwa utamu, huku akikiri kwamba hajui hata neno lake moja.

Mgogo mwingine alichagua njia tofauti. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 akawa baba wa ngonjera, mashairi ya majibizano yanayoigizwa, yaliyoenea mashuleni nchi nzima kupitia chama cha washairi cha UKUTA. Si jambo dogo kwamba mtu ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake alikitawala hadi akakitengenezea utanzu mpya, tena wa mabishano.  Ila ndani ya ngonjera, anayebisha na anayejibu wote wanasema Kiswahili sanifu, na mara nyingi asiyejua huishia kukubali alichofundishwa na anayejua. Utanzu wa mabishano ulioanzishwa na Mgogo haukumhitaji Mgogo abishane kama Mgogo. Mnyampala aliishinda mizani ya lugha kubwa, na ushindi huo ni wake. Swali la lugha yake mwenyewe lilibaki pale alipoliacha.

Ebrahim Hussein wa Kilwa alikabili tatizo hili kwa namna ya wazi zaidi katika Kinjeketile, ya mwaka 1969. Tamthilia hiyo inahusu Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, na ugumu wa kuwaunganisha watu wa makabila yasiyoaminiana mbele ya Mjerumani. Makabila hayo yamo jukwaani, yanashukiana na kuzozana, na yote yanazozana kwa Kiswahili. Nadhani Hussein alifanya sahihi. Tamthilia ilitoka miaka michache tu baada ya Uhuru, na hoja yake ilikuwa umoja. Lakini watazamaji waliozoea tamthilia za namna hiyo wanaweza kusahau kwamba watu wale walikuwa na lugha zao, na kwamba kutoelewana kwao kulikuwa pia kutoelewana kwa maneno. Umoja unaoonyeshwa kama uliokwisha kupatikana ndani ya lugha huficha kazi iliyofanywa kuupata.

Upande wa pili wa jambo hili ni kichekesho. Kuanzia vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980, vilivyochanganya ngoma, taarabu na maigizo katika onyesho moja, hadi filamu na video za siku hizi, kuna watu wanaotambulika mara tu wanapofungua mdomo. Yumo Mmasai mlinzi wa usiku, Msukuma aliyeshuka kwenye basi akishangaa maghorofa, Mhaya anayejisifu, Mchaga anayehesabu fedha. Yumo pia Mgogo anayeomba. Huyu wa mwisho ananiuma zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna historia. Ugogo ni nchi ya mvua haba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi, ukame ukafuata, na njaa iliyokuja, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua watu wengi mno. Mtu aliyekimbia njaa kwenda mjini kutafuta chakula alifanya ambacho binadamu yeyote angefanya. Jukwaa limechukua msiba huo na kuugeuza kuwa tabia ya kabila.

Watu watasema huo ni utani, na utani ni mila yetu. Hapa panahitaji uangalifu, maana utani ni kitu kikubwa kuliko wanavyodhani. Utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulikua pamoja na safari za misafara, watu walipopita katika nchi za wenzao wakihitaji kulala salama. Una kanuni. Mtani wangu ananitukana leo nami nitamtukana kesho, na hakuna wa kukasirika. Nikifiwa, yeye ndiye atakayekuja kushika kazi za mazishi huku akinichekesha katikati ya kilio. Utani unampa kila upande zamu. Kichekesho cha lafudhi kwenye video hakina zamu ya pili. Anayechekwa hayupo chumbani, hawezi kujibu, na hakuna anayemdai msaada wowote siku ya msiba wake. Fluellen alipomlisha Pistol liki alikuwa anadai zamu yake. Kwa lugha ya huku tungesema alimrudisha mwenzake kwenye kanuni za utani.

Kenya inatupa mfano wa kuvutia wa kichekesho kilichokaribia kutenda haki. Kwa miaka mingi katika Vitimbi, kipindi cha televisheni ya taifa, Wakenya walimpenda Mzee Ojwang, baba wa Kijaluo mwenye Kiswahili chenye lafudhi nzito ya kwao. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Katika nchi ambayo siasa imewagombanisha Wajaluo na Wakikuyu mara nyingi, Mkikuyu alimwigiza Mjaluo miaka na miaka, na Wajaluo wakamkubali kama wao. Sababu, naamini, ni kwamba Ojwang alikuwa mtu kamili. Alikuwa na nyumba, na mke mwenye maneno yake, Mama Kayai, na misimamo aliyoitetea. Lafudhi ilikuwa sehemu ya mtu, na mtu alikuwa mkubwa kuliko lafudhi yake.

Lazima nikubali pia tofauti kubwa iliyopo kati ya hadithi ya Welisi na ya Tanzania. Kiingereza kilipelekwa Welisi na jirani aliyeishinda nchi hiyo kwa upanga. Kiswahili ni lugha ya Afrika, ndugu ya Kigogo na Kinyaturu katika ukoo wa Kibantu, na kilipochaguliwa hakikulipa kabila lolote kubwa kiti cha mbele. Aliyekisimamia, Mwalimu Nyerere, alitoka katika Wazanaki, kabila dogo la Mara, na ndiye huyohuyo aliyetafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mawazo mazito ya jukwaani. Sensa zetu ziliacha kuuliza kabila la mtu baada ya ile ya mwaka 1967. Mtoto wa Itigi anaweza kufanya kazi Mtwara au Bukoba bila mkalimani. Mtu anayedharau mafanikio hayo hajui jirani zetu wamepita wapi.

Hofu ya lugha za makabila nayo si ya kuzua. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, baadhi ya redio za lugha za asili zililaumiwa kwa kuchochea chuki, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, mpaka kesi yake ilipositishwa Aprili 2016. Anayeiuliza Tanzania kwa nini redio zetu husema Kiswahili atapewa mfano huo, na ni mfano wa haki.

Lakini Kenya hiyohiyo inatufundisha upande mwingine. Mwaka 1977, huko Kamirithu karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika na wanakijiji tamthilia ya Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliigiza wenyewe, wakasahihisha lugha ya wasomi, wakajadili ardhi na mishahara yao. Serikali ikafuta kibali cha maonyesho, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Ngũgĩ alikuwa ameandika riwaya za Kiingereza zenye ukali uleule bila kufungwa. Kilichoitisha serikali kilikuwa wakulima wenye hoja, na hoja hiyo iliposemwa kwa lugha ya jikoni kwao, walioielewa waliongezeka ghafla. Kama wangeimba tu na kucheza, huenda wangealikwa kutumbuiza kwenye sikukuu ya taifa.

Na Kiswahili chenyewe kimeonyesha kwamba kinaweza kutoa nafasi. Mwaka 1988 Hussein alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia iliyotokana na kesi maarufu ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Desemba 1986 na kumwacha mjane Mkikuyu, Wambui Otieno. Mjane alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukataka azikwe kwao Nyalgunga, na Mei 1987 mahakama ya rufaa ikaupa ukoo haki hiyo. Hussein, mtu wa Kilwa, alichukua neno la Kijaluo akaliweka kwenye jina la kitabu cha Kiswahili. Ndani yake mila ya watu wa bara haichezwi wala haichekeshwi. Inatetewa, inashambuliwa, inaumiza watu, na msomaji hawezi kutoka bila kuchagua upande. Tamthilia hiyo inanithibitishia kwamba lugha kubwa haipungukiwi kitu inapowapa watu wa lugha nyingine akili zao zote.

Wawelisi walisubiri muda mrefu zaidi. Lugha yao iliokolewa kwanza na kanisa, kupitia ile Biblia ya 1588, na baadaye na mashindano ya ushairi, shule na madai ya wananchi. Mwaka 1982 wakapata kituo chao cha televisheni, S4C, na mwaka 2003 wakaanzisha jumba la maigizo la taifa linaloigiza kwa Kiwelisi. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu wapatao 538,000 wanaoijua lugha hiyo, asilimia 17.8 ya wakazi wa Welisi wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Idadi hiyo si ya kujivunia sana kwa lugha iliyowahi kuwa ya karibu kila mtu, lakini wazungumzaji hao wanaiandikia tamthilia, na ndani yake wanagombana, wanashitakiana, wanasameheana. Kuna lugha nyingi za Tanzania zenye wazungumzaji zaidi ya hao, na sijui mtoto wa shule aliyewahi kuombwa aigize hata dakika kumi za mabishano kwa lugha hizo.

Sera yetu ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikubali kwamba lugha za asili ni hazina inayopaswa kutafitiwa na kuhifadhiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetoa kamusi na sarufi za lugha kadhaa, pamoja na Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009. Kazi hiyo ni ya thamani, ila kamusi huhifadhi maneno, na lugha huishi kwa watu wanaoitumia kubishana juu ya mambo yanayowagusa. Jukwaa ndilo mahali pa mabishano hayo, na gharama yake ni ndogo. Shule zetu tayari zina mashindano ya ngoma na kwaya. Kinachohitajika ni kuongeza igizo ambamo wahusika wanasema kama watu wa Itigi wanavyosema kweli, Kiswahili katikati na lugha za nyumbani pande zote, mkalimani akiwa mmoja wa wahusika wenye wasiwasi na maslahi yake. Walimu wa tamthilia kwa maendeleo, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini tangu miaka ya 1980, wakaonyesha katika kijiji cha Malya na kwingineko kwamba wanakijiji wanaweza kutunga na kujadili matatizo yao kwa sanaa zao wenyewe. Njia imeshafyekwa.

Nina hata kisa cha kuanzia. Miaka ya 1870, Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, aliingia Ukimbu na jeshi lake la rugaruga, akaziunganisha nchi ndogo nyingi chini ya amri yake na kutawala kutoka Kiwele mpaka alipofariki mwaka 1884. Binti yake, Mgalula, akarithi kiti. Rugaruga walikuwa vijana wa kila asili, wakiwemo waliokimbia utumwa na waliotekwa vitani, kambi yenye lugha nyingi kuliko ile ya makapteni wanne wa Henry V. Atakayeandika tamthilia hiyo kwa Kiswahili asimfanye Mkimbu aliyeshindwa awe mwimbaji wa kupamba sherehe ya mshindi, wala mshamba wa kuchekwa na askari. Ampe hoja ya kumkatalia Nyungu, aiandike kwa Kikimbu, herufi kwa herufi, na amwache mtazamaji asiyeijua lugha hiyo amwombe jirani yake ukumbini amweleze kilichosemwa.